Sokatoa kwa Watu wa Mteremko

Siku ile mwalimu wetu wa hesabu wa Kidato cha Pili aliandika ubaoni herufi tisa, SOHCAHTOA, akazitamka kwa mkupuo mmoja, "sokatoa", kisha akaapa kwamba asiyelishika neno hilo hatafika popote. Sisi wa madawati ya nyuma tukaelewa kwamba soka limetolewa kwenye ratiba. Tukaomboleza wiki nzima. Tulipofuta machozi, darasa lilikuwa limeshahamia mada nyingine, na nje ya dirisha Mlima Kenya ulikuwa bado umesimama, haujapimwa na yeyote kati yetu.

Mwongozo huu ni wa wenzangu hao, popote walipo kati ya Embu na Maua: wenye mashamba yanayoteleza, nyumba zinazongoja paa na miti inayomezewa mate na mabroka. Utakufundisha kutafuta pande na pembe za pembetatu mraba, yaani ile yenye kona moja ya digrii tisini. Usiliogope neno digrii. Hizi tisini hazilipiwi karo wala hazidaiwi na HELB.

Mahitaji

Kwanza, kipimapembe: kile kinusu duara cha plastiki kilichokuwa ndani ya seti yako ya jiometria. Hebu ikumbuke ile seti. Bikari ilitoboa mishipi na kuchonga majina kwenye dawati, rula ilivunjikia mgongoni mwa mtu, na vile vipembetatu viwili vya plastiki ulimaliza shule bila kujua vililetwa kufanya nini. Kimoja kina kona mbili za digrii 45. Kingine kina ya 30 na ya 60. Nusu ya mwongozo huu ilikuwa mkobani mwako miaka yote hiyo.

Pili, uzi wa urefu wa shubiri na kitu kizito cha kufunga mwishoni. Huku kwetu makadamia hujiangukia, kwa hivyo usiende dukani. Kwa kuwa ni mviringo na uzi huteleza, ivishe kipande cha soksi kuukuu. Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku mwaka 2017, na sitaki ushtakiwe kwa ajili ya hesabu. Funga uzi katikati ya ukingo ulionyooka wa kipimapembe, kigeuze tumbo lake litazame chini, kisha chungulia juu ya ukingo huo hadi kwenye ncha ya unachokipima. Uzi utaning'inia na kukata namba. Ukitazama mbele sawasawa, utakata 90. Ukiinua macho, utasogea. Tofauti kati ya namba hiyo na 90 ndiyo pembe yako. Mwombe mtu mwingine akusomee, maana ukiinamisha kichwa usome mwenyewe, makadamia nayo itahama.

Tatu, tepu ya kupimia. Hiki ndicho kifaa tunachokikwepa, kwa sababu tuna kipimo chetu cha asili kiitwacho "hapo tu". Uliza njia ya kwenda kwa fulani kule Igembe, utaambiwa ni hapo tu, na utatembea hadi viatu viombe msamaha. "Hapo tu" haina saini, haina kosaini, haina tanjenti. Iache nyumbani.

Hatua ya kwanza: mjue jirani yako

Pembetatu mraba ina pande tatu. Mrefu kuliko zote, unaotazamana na kona ya digrii 90, ni haipotenusi. Huyo habadiliki jina. Hao wawili waliobaki hutegemea kona uliyosimama: anayetazamana nawe ni mkabala, aliye ubavuni mwako ni jirani. Ukihamia kona ya pili, jirani anageuka kuwa mkabala wako. Yeyote aliyewahi kugawana mpaka wa shamba na mtu hahitaji maelezo zaidi.

Saini ni mkabala kugawanya kwa haipotenusi. Usiichanganye na ile unayoisaka ukitaka kuuza shamba. Kosaini ni jirani kugawanya kwa haipotenusi. Jina lake linaanza na kosa, na utaona sababu tukifika kwenye paa. Tanjenti ni mkabala kugawanya kwa jirani. Na ukiona haya yote hayaeleweki, jua kwamba hukuanza wewe. Wahindi waliita saini jya, yaani uzi wa upinde. Waarabu wakalichukua neno na kuliandika bila irabu. Watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalisoma jaib, mfuko wa vazi, wakalitafsiri sinus. Dunia nzima inakokotoa kwa kosa la mtafsiri.

Kanuni ni moja. Ukijua upande mmoja na pembe moja mbali na ile ya 90, vilivyobaki vinajileta. Ukijua pande mbili, pembe inajileta. Lakini havijileti bure: lazima uwe na upande ulioupima kwa mkono wako.

Hatua ya pili: pima mti kabla broka hajaupima

Broka wa mbao hupima mgrevilea kwa jicho, na jicho la mnunuzi lina tabia ya kufupisha. Simama mita 20 kutoka kwenye shina, mita za tepu. Chungulia ncha. Tuseme uzi umekata 50, basi pembe ni 40. Tanjenti ya 40 ni 0.8391, zidisha kwa 20 upate mita 16.8. Ongeza kimo cha jicho lako kutoka ardhini, kama mita 1.6, maana hukuchungulia ukiwa umelala. Jumla ni mita 18.4, sawa na futi 60. Broka aliyesema, "Huu hauzidi futi arobaini na tano, mama," ataitazama makadamia yako iliyovaa soksi, akutazame usoni, kisha akumbuke kwamba ana mteja anayemngoja Ishiara.

Tahadhari ya kwanza ni kikokotoo. Kina hali ya digrii na hali ya radiani, na mtoto aliyekichezea jana hakukwambia amekiacha katika hali gani. Kikiwa kwenye radiani, tanjenti ya 40 ni hasi 1.117, na mgrevilea wako utakuwa umeota mita 22 kwenda chini, kama nduma iliyokata tamaa. Jibu likija hasi, usimlaumu aliyekuuzia mche.

Tahadhari ya pili ni ardhi yenyewe. Vitabu vya hesabu hudhani ardhi ni tambarare. Waandishi wake hawakufika Imenti Kusini. Sisi tambarare huiona tukiteremka Mwea kununua mchele. Ukiwa upande wa juu wa shamba, na shina liko chini ya usawa wa miguu yako, pima pembe mbili: ya kwenda juu hadi nchani, na ya kwenda chini hadi shinani. Kwa umbali uleule wa mita 20, digrii 28 za juu zinatoa mita 10.6, digrii 15 za chini zinatoa mita 5.4. Mti ni mita 16, na kimo chako safari hii hakimhusu mtu. Ila hizo mita 20 ziwe za mlalo, si za tepu iliyolazwa kwenye majani. Tepu ikilala kwenye mteremko wa digrii 15, mita zake 20 ni 19.3 tu za mlalo: 20 mara kosaini ya 15. Zilizobaki zimeliwa na kilima.

Hatua ya tatu: usishindane na jua

Kuna wajuaji watakaokwambia uachane na makadamia, upime kivuli cha fimbo na kivuli cha mti, ulinganishe. Wanasema kweli, ila ushauri huo unawafaa zaidi watu wanaoishi mbali na ikweta. Barabara ya Embu kwenda Meru huikata ikweta karibu na Nkubu. Kila tarehe 21 Machi na 23 Septemba, au siku iliyo jirani, jua la adhuhuri husimama utosini. Na kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo 45, iliyo mashariki yetu, adhuhuri hiyo haiji saa sita kamili. Mwezi wa Machi huja kama saa sita na dakika 37. Dakika hiyo pembe ya jua ni 90, kivuli kimejificha chini ya mti, tanjenti ya 90 haipo, na kikokotoo kinakulalamikia. Hata Juni na Desemba, jua likiwa limekwenda mbali kadiri liwezavyo, mti wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 4.3 tu adhuhuri.

Ukishikilia kivuli, chagua siku hizo za Machi, saa tatu na dakika 37 asubuhi. Jua huwa digrii 45, kivuli chako ni sawa na kimo chako, cha mti ni sawa na cha mti, na hakuna cha kukokotoa. Kukiwa na mawingu, rudi hatua ya pili.

Hatua ya nne: msikilize fundi, lakini usilale

Niliwahi kusimama kwenye mjengo wa mwalimu mstaafu wa hesabu, nje kidogo ya mji wa Embu. Msingi ulikuwa na kona moja iliyomnyima raha.

"Fundi, hii kona ni tisini kweli?"

"Mwalimu, hiyo ni tisini na chenji."

"Mimi sitaki chenji."

Fundi hakubishana. Alipima futi tatu kwenye uzi mmoja, akatia alama. Futi nne kwenye uzi wa pili, akatia alama. Kisha akaweka tepu kati ya alama hizo mbili. Ikazidi tano kwa unene wa kidole. Akasogeza kigingi kwa kisigino, akapima tena, ikawa tano. Mwalimu akaona nafasi ya kumweleza habari za Pythagoras: tatu mara tatu tisa, nne mara nne kumi na sita, jumla ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Fundi alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akauliza kama huyo Pythagoras hulipwa kwa siku au kwa kazi.

Wasikilizaji tulimpa fundi ushindi, na hapo ndipo tulipokosea. Nyumba ilikuwa na ukuta wa mita 12. Kosa la sentimita moja kwenye alama ya futi nne, dogo kuliko upana wa kucha, huwa sentimita 10 ukifika mwisho wa ukuta huo. Hulioni siku ya msingi. Utaliona siku ya vigae, mstari wa mwisho ukiwa na kigae kizima upande mmoja na nusu kigae upande wa pili. Dawa ni kuikuza pembetatu: badala ya 3, 4 na 5, tumia 9, 12 na 15. Kidole kikikosa hapo, hakitakuwa na mahali pa kunenepea. Mwalimu alijua sababu, fundi alijua uzi, na hakuna kati yao aliyekumbuka kuzidisha kwa tatu.

Hatua ya tano: paa na kosa la kosaini

Nyumba ina upana wa mita 6. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 3. Unataka paa la digrii 30. Mwenye nyumba mwenye haraka huona hizo mita 3, akaenda kununua mabati ya mita 3. Lakini bati halilali kwenye mlalo. Linalala kwenye haipotenusi. Gawanya 3 kwa kosaini ya 30, ambayo ni 0.866, upate mita 3.46. Umepungukiwa sentimita 46 kila upande, na bado hujaongeza kipande cha kutokeza nje ya ukuta. Kenchi yenyewe itasimama mita 1.73 katikati, yaani 3 mara tanjenti ya 30.

Ukikataa hesabu hii, Februari utalala ukizitazama nyota. Aprili, mvua itakuja kukutazama wewe.

Hatua ya sita: ekari iliyolala chali

Ekari ya hati hupimwa kwa mlalo, kama ndege aonavyo akiwa juu: mita za mraba 4,047. Shamba likiwa kwenye mteremko wa digrii 30, uso wake wa udongo ni 4,047 kugawanya kwa kosaini ya 30, yaani karibu 4,673. Umepata nyongeza ya asilimia 15, na kila mwenye kilima akisikia hivyo hutaka kuchinja mbuzi. Ngoja. Mvua huanguka wima na huhesabu ekari ya ndege. Majani chai nayo huota wima. Nyongeza yako ni ya jembe peke yake.

Ukitaka kujua pembe ya mteremko, geuza tanjenti. Kanuni za zamani za kilimo nchini zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Asilimia hapo ni tanjenti iliyovaa nguo za ofisi: unapanda mita 35 kwa kila mita 100 za mlalo. Mwulize kikokotoo ni pembe gani yenye tanjenti ya 0.35, atakujibu digrii 19.3. Zile digrii 30 zako ni asilimia 58. Kama umezilima mahindi, mwongozo huu haujakuona.

Hatua ya saba: pima mlima kabla haujafunga

Sasa tuende kwa yule aliyetusubiri dirishani, ambaye Wameru humwita Kirimaara. Fika mapema. Mlima hufungua alfajiri, kabla ya ofisi yoyote ya kaunti, na mara nyingi mawingu huufunga kabla ya saa nne.

Mji wa Embu uko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Batian kiko kama kilomita 46 kutoka hapo. Huwezi kuzipima kwa tepu. Zichukue kwenye ramani, ambayo ni kazi ya watu waliotembea na minyororo ya kupimia ili wewe usitembee. Inua kipimapembe. Utashtuka. Jitu lote lile, lenye theluji na jina la nchi, halifiki digrii 5 juu ya upeo wa macho. Nyosha mkono: vidole vitatu vinalifunika.

Mkono wako ukisoma digrii 4, Batian atakuwa na mita 4,567, chini ya kilele mwenzake, Lenana, mwenye 4,985. Ukisoma 5, atakuwa na 5,374. Ukisoma 6, atafika 6,185, na tutakuwa tumempita Kilimanjaro mwenye 5,895 bila kumwarifu Mtanzania yeyote. Digrii moja ya mkono unaotetemeka ni kama mita 800 za jiwe. Chombo cha mpimaji kinasoma karibu digrii 4.6: mita 46,000 mara tanjenti yake ni kama mita 3,700, ongeza 1,350, upate 5,050. Batian wa kweli ana mita 5,199. Kama mita 150 zimepotea, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kaunti hazikuliwa na mtu. Zimefichwa na dunia yenyewe, ambayo kwa umbali wa kilomita 46 imeshaanza kupinda, ikauzamisha mlima kidogo nyuma ya mgongo wake.

Usijione mjinga ukikosea. Mmisionari Krapf aliuona mlima huu akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, akaandika habari za theluji, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia: theluji ikweta haiwezekani. Hawakuwa wamepima chochote. Nao walikuwa na "hapo tu" yao.

Neno la mwisho kwa dawati la nyuma

Kwa aya moja naiweka makadamia chini. Digrii 4.6, ile pembe ya vidole vitatu, ni sawa na mteremko wa asilimia 8 barabarani. Mtu mzima akiutembea hata hahemi. Lakini basi la tani 15 kwenye mteremko huo huvutwa kwenda chini kwa uzito wa tani 1.2, yaani 15 mara saini ya pembe hiyo, na breki ndizo zinazoubeba mzigo huo mita baada ya mita. Barabara yetu ya Embu kwenda Meru huteremka hadi daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kidole cha fundi, digrii ya mkono wako na mteremko usiomtoa mtu jasho ni kitu kimoja: pembe ndogo iliyopewa upande mrefu.

Kwa hivyo, ewe uliyeomboleza soka pamoja nami, herufi tisa unaweza kuzisahau tena; kikokotoo kitakukumbusha. Usisahau upande. Katika mtihani, zile mita 20 kutoka kwenye mti hutolewa bure, zimeandikwa ndani ya swali. Shambani hakuna anayekuandikia. Zipime mwenyewe, kwa tepu, kwa mlalo, kisha ndipo umwite broka.